Spika Ina Sikio, Haina Jicho: Asubuhi Moja ya Koyote Magharibi mwa Kansas

Rekodi ninayo kwenye simu mpaka leo. Simu niliiweka mfuko wa kifuani, chini ya jaketi, betri isife kwa baridi, nikabonyeza kurekodi kabla mimi na shemeji hatujaanza kumwita kwa spika koyote, mnyama wa porini wa Marekani tuliyekuja kumwinda. Kwa hiyo sekunde nitakazozitaja si za kukisia. Dakika ya 8 na sekunde 2, kilio cha sungura kinakatika na koyote wa kwenye spika anabweka mara mbili, kisha anavuta mlio mrefu kwa nguvu zote. Sekunde 3 baadaye unanisikia nanong'ona: "Zima. Zima, shemeji. Zima!" Halafu zipu, glavu inavutwa, kitu kinaanguka kwenye mabua. Spika inanyamaza dakika ya 8 na sekunde 14. Koyote wa kweli alikuwa ameshavuka seng'enge.

Tulikuwa kusini mwa Garden City, ng'ambo ya mto Arkansas, ambao sehemu hizo ni mchanga mtupu muda mwingi wa mwaka. Unavuka daraja na huoni tone la maji. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari, nyuzi 9 chini ya sifuri, upepo mwepesi ukitoka kaskazini-magharibi. Mbele yetu shamba la mtama lililovunwa, mabua yamebaki kimo cha goti. Mtu wa Singida akijikuta amejificha kwenye mabua ya mtama Marekani, lazima acheke peke yake. Kansas ndiyo jimbo linaloongoza kwa mtama nchini humo, na sijakutana na jirani hata mmoja anayejua ugali wake.

Ng'ambo ya shamba kuna uzio, na nyuma ya uzio malisho yenye vichaka vya kijivu ambako ng'ombe walikuwa wameanza kuzaa. Koyote huzunguka hapo wakitafuta kondo la nyuma, na ndama dhaifu akiwa bado hajasimama, naye huliwa. Mwenye ranchi alikuwa amekuta ndama mmoja ameliwa mapajani. Kama aliuawa na koyote au alikutwa amekwisha kufa kwa baridi, hakuna aliyeona. Lakini ng'ombe ni wake, shamba ni lake, ruhusa alitupa, na Kansas koyote huwindwa mwaka mzima. Kumwita kwa spika ya umeme pia kunaruhusiwa. Ukitaka kumwita bata kwa njia hiyohiyo utakamatwa, maana sheria ya shirikisho inakataza sauti za kurekodi katika kuwinda karibu ndege wote wanaohama.

Kwa asiyemjua, koyote ni wa ukoo wa mbwa, kilo 9 hadi 20 hivi, mkubwa kuliko bweha wengi wa kwetu na mjanja kuwazidi. Amepigwa risasi na kuwekewa sumu zaidi ya karne nzima, na badala ya kupungua ametoka kwenye nyanda hizi akaenea hadi pwani ya Atlantiki. Pua ndiyo silaha yake. Akisikia kilio cha sungura haji moja kwa moja. Anazunguka ili upepo umletee habari za huyo anayelia. Ukikaa vibaya na upepo, unaweza kulala nyumbani tu.

Spika yenyewe ni boksi unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja, lina sauti mamia ndani yake na linaongozwa kwa rimoti. Wazo ni la zamani. Ndugu wawili wa ukoo wa Burnham, wa Marble Falls huko Texas, walikuwa wakiuza sauti za kuitia kwenye santuri tangu miaka ya 1950, na Johnny Stewart wa Waco akafuata kwa rekodi za wanyama halisi. Siku hizo mtu alibeba mashine na kuisimamia. Alipotaka kimya, alinyanyua sindano. Ninalitaja hili kwa sababu kisa chetu chote kiko hapo: nani ameshika sindano.

Spika za sasa zimepewa uwezo wa kujiamulia mambo kadhaa. Ya shemeji inaweza kupanda na kushuka sauti yenyewe, mithili ya mnyama anayegeuza kichwa huku na huku akilia. Inaweza kufuata mpango ulioandikwa mapema: sauti hii dakika kadhaa, kimya, kisha sauti ile kwa nguvu fulani. Na ina maikrofoni inayosikiliza mlio wa bunduki. Bunduki ikilia tu, inaacha kila ilichokuwa ikicheza na kurukia sauti uliyoichagua, ambayo kwetu ilikuwa vilio vya watoto wa koyote. Zote tatu tulikuwa tumeziwasha asubuhi ile.

Mpango aliuandika shemeji usiku wake, mezani kwangu, chai ikipoa. Sungura kwa sauti ya chini dakika 4. Kimya dakika 1. Sungura tena, juu kidogo, dakika 3. Hapo mlio wa koyote mwenye eneo lake anayemtishia mgeni, sauti ikipanda karibu maradufu kwenye kipimo cha rimoti. Baada yake ugomvi wa koyote wawili, kimya kingine, na mwisho watoto. Alikuwa ameokota kipande huku na kipande kule kwenye video za watu wanaojua. Nilipouona nikasema, "Huu ni muziki wa harusi, shemeji, kila mtu atapata wimbo wake." Alifurahi. Sikumkatalia, na hilo ni langu.

Spika tuliiweka mita 50 upande wa magharibi wetu, tukageukia kusini na mashariki, kule upepo unakoelekea, kwa kuwa ndiko koyote angezungukia. Shemeji akashika bunduki. Rimoti akailaza chini, glavu juu yake. Mantiki yake ilikuwa safi: kama kifaa kinajiendesha, mikono ibaki kwenye bunduki.

Dakika ya 6 na sekunde 40 nikamwona. Alitokea kwenye vichaka, mita kama 400, akija kwa mwendo wa mbwa aliyetumwa. Masikio mbele, kichwa juu, hana wasiwasi. Alipita chini ya waya wa seng'enge bila kusimama, akaanza kupinda kusini kuutafuta upepo. Mita 300. Mita 250. Alipofika mita 190 hivi alikuwa bado hajaingia kwenye mstari wa harufu yetu. Nina chupa ndogo ya unga ninayoibonyeza kuangalia upepo, na unga ulikuwa unakwenda mashariki zaidi ya nilivyotarajia. Alikuwa na kama mita 80 za kutembea kabla ya kutunusa. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Angekatiza mbele ya shemeji, ubavu wazi.

Dakika 3 za sungura zikaisha, na spika ikatimiza ilichoagizwa.

Nimeusikiliza mlio ule mara nyingi. Ni mzuri, hauna kasoro ya kiufundi. Koyote alipousikia alisimama kama aliyepigwa kibao. Masikio yakalala. Mwili ukashuka, akatazama kushoto, si kwenye spika, kushoto, kama anayehesabu njia za kutokea. Kisha akageuka na kuondoka kwa mbio ndefu bila kutazama nyuma. Shemeji alikuwa bado anapapasa rimoti chini ya glavu.

Kilichomfukuza ni nini? Shemeji alisema mwanzoni kwamba ametunusa. Hapana, unga ulishasema. Nikamuuliza kama alisogea, akaapa hakusogea mpaka nilipoanza kunong'ona, na rekodi inamuunga mkono: nguo haisikiki mpaka sekunde 3 baada ya mlio. Zinabaki sababu mbili, na sidhani tunaweza kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ukubwa wa sauti. Kwenye eneo wazi sauti hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, na mtu aliyekaa mita 50 kutoka kwenye spika huona imefifia, akaongeza. Lakini asubuhi ya baridi na upepo mdogo, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti badala ya kupotelea angani hupinda kurudi ardhini. Inasafiri mbali kuliko unavyodhani. Isitoshe koyote yule alikuwa upande unakoelekea upepo. Shemeji alipanga nguvu ya sauti jikoni, usiku, akikumbuka siku ya Desemba yenye upepo mkali. Spika haikujua kwamba leo ni shwari, wala kwamba mgeni ameshafika mita 190 na hahitaji kupigiwa kelele.

Ya pili ni maana ya sauti yenyewe, na hapa ndipo ninapoegemea zaidi. Februari ni kilele cha kupandana kwa koyote. Dume na jike wenye eneo lao huwa wakali, na watoto huzaliwa Aprili au Mei, baada ya siku 63 hivi. Mlio wa vitisho una faida ukimfikia mwenye eneo: anakuja amesimamisha manyoya kumtoa mgeni. Ukimfikia mgeni mwenyewe, au kijana wa mwaka jana ambaye bado anazurura pembezoni mwa eneo la wazazi wake, habari anayoipata ni moja tu: mwenye nyumba yupo, na amekasirika. Yule wetu alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na alikuja kwa sungura kama asiyewahi kudanganywa. Alikuja kula, tukamtolea askari.

Mtu mwenye rimoti mkononi angeona haya yote. Koyote anakuja, sauti inamvuta, kwa nini uibadilishe? Unaishusha, au unaikata kabisa ili amalizie njia kwa kutafuta kwa macho. Uamuzi huo hauhitaji uzoefu wa miaka 20. Unahitaji jicho. Mpango hauna jicho. Una saa tu.

Shemeji alitaka tukunje, twende sehemu nyingine. Nikamwambia tulia. Tuliufuta mpango, tukakaa kimya dakika 10 kwa rekodi, na hakuna sauti ndani yake isipokuwa meno yangu. Kisha nikaichukua rimoti mimi. Sungura kwa sauti ya chini sana, nusu dakika. Kimya. Mlio mmoja wa koyote aliye peke yake, usio na ugomvi, ule wa kuuliza tu nani yuko huko. Kimya tena, kirefu. Hapa rekodi inachosha, mke wangu aliisikiliza akaniuliza kama simu iliharibika.

Dakika ya 24 wakaja wawili. Walitoka mashariki kabisa, upande wa kinu cha zamani cha kuvutia maji, mmoja mbele na mwingine nyuma yake kama mita 60. Sikugusa kitufe. Wa mbele alipofika mita 110 shemeji akafyatua, naye akaanguka palepale.

Na sasa sifa impate anayestahili. Kati ya mlio wa bunduki na kilio cha kwanza cha watoto kwenye spika kuna sekunde 1 na kidogo. Shemeji alikuwa anakoki, mimi nilikuwa nimeduwaa, na hakuna binadamu pale ambaye angekumbuka rimoti. Spika ilikumbuka. Koyote wa pili, ambaye alikuwa ameshageuka na kushika kasi, alisimama kwenye mita 200 hivi, ubavu wazi, akatazama ulikotoka mlio. Kwa nini kilio cha watoto kimsimamishe mnyama mwenye woga wa risasi, tena mwezi ambao hakuna watoto shimoni? Wawindaji husema ni silika ya mzazi na ya mwenye eneo, na kwamba inafanya kazi mwaka mzima. Sina ubishi nao. Nilimwona amesimama.

Tatizo lilikuwa mimi. Bunduki yangu ilikuwa magotini, darubini yake bado imewekwa kwa umbali mfupi kwa ajili ya yule wa mbele, na macho yangu yalikuwa kwa aliyeanguka. Risasi yangu inasikika sekunde 6 baada ya ya shemeji. Koyote alisimama sekunde 4. Nilipiga udongo alipokuwa. Kifaa kilininunulia muda nami nikautumia kumshangaa maiti.

Tulimwendea yule aliyekufa. Jike, manyoya mazito ya majira ya baridi, kilo 12 au 13 kwa mkono. Nikafunua mdomo: meno ya mbele yamelika, chonge moja imevunjika na kulainika kwa umri. Mama mtu mzima, na mwenzake nyuma yake. Kwa hakika ya mtu anayepima kwa macho, hawa ndio waliokuwa wenye eneo. Hilo linaipa nguvu sababu yangu ya pili hapo juu. Kijana yule aliyekimbia alikuwa anakula kwenye uwanja wa wakubwa hawa, na sisi tulimpigia sauti ya hao anaowaogopa. Shemeji aliangalia meno muda mrefu, akasema, "Basi tulimwita mtoto kwa sauti ya baba yake mwenye fimbo." Sikuwa na la kuongeza.

Uwezo huo wa kusikia bunduki nao una vituko vyake. Wiki mbili kabla, mwenye ranchi alikuwa amesimama nasi kwenye pikapu akituonyesha mipaka, spika iko nyuma, shemeji hakuizima. Nikafunga mlango kwa nguvu. Vilio vya watoto wa koyote vikalipuka mgongoni mwa mzee wa watu, akaruka, kahawa ikamwagika kwenye buti. Maikrofoni haijui bunduki. Inajua kishindo cha karibu. Na kinyume chake pia: siku moja tuliiweka spika karibu mita 100 kutoka tulipokaa, upepo mkali, shemeji akapiga na spika ikaendelea na sungura wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo haivuki mita 50, na inawashwa tukishakaa.

Tulichobadilisha ni kidogo. Kujibu bunduki kumebaki, sauti ya watoto, kwa nguvu ya wastani. Kupanda na kushuka kwa sauti kumebaki kwenye sungura peke yake na kwa kiwango kidogo, kwa kuwa kweli mnyama anayelia hageuki kuwa king'ora. Rimoti imefungwa kamba kwenye mkono wa asiyepiga, na anayeishika hashiki bunduki mpaka risasi ya kwanza itoke. Ila darubini ya bunduki yake anaiweka tayari kwa umbali mrefu, kwa ajili ya wa pili. Hii ya mwisho niliiandika mimi, kwa aibu.

Mpango wa muziki wa harusi haujafutwa. Shemeji ameutoa kwenye kitufe cha kwanza akauhifadhi chini kabisa, na anasema utafaa Oktoba, vijana wanapotoka kwa wazazi na kutafuta maeneo yao, kwa sababu wakati huo wana njaa na hawana akili. Mimi nasema Oktoba ndiyo mbaya zaidi: kijana asiye na eneo ndiye anayeukimbia mlio huo kuliko wote. Akaniambia, "Wewe ulikosa aliyesimama, huna sauti." Tumewekeana dau la mbuzi. Kuna mfugaji karibu na Dodge City anayeuza, na bei nimeshaiuliza.